Kengele Inayokesha Sisi Tukiwa Tumelala



Katika kila nyumba ya ufuko wetu, tangu Kavimvira hata Makobola, moto ni mwenyeji. Mama huuamsha alfajiri, kabla ya kengele ya Misa, nao hulala wa mwisho, baada ya watoto wote kulala. Ndio unaopika ugali, ndio unaokausha samaki siku za mvua, ndio unaomwangazia mwanafunzi kitabu chake umeme ukikatika. Kwa mazoea hayo hatuuogopi tena. Mwizi twamfungia mlango kwa kufuli mbili. Mbu twamzuia kwa chandarua. Lakini moto twaulaza ndani ya nyumba bila kuuwekea mlinzi.

Leo twapenda kuzungumza na baba na mama wa familia, na pia na wanafunzi wanaosoma usiku, juu ya mlinzi mmoja mdogo ambaye watu wengi wa kwetu hawajamjua bado. Ni chombo cha ukubwa wa kisahani, kiitwacho kengele ya moshi. Hunusa moshi usiku na mchana, na kikiunusa hulia kwa nguvu. Tutaeleza namna kinavyofanya kazi, kipi kinafaa kuchaguliwa, na wapi kiwekwe katika nyumba kama zetu.

Watu wa Bonde la Ruzizi hawana haja ya kufundishwa nguvu za moto. Jioni ya Ijumaa, tarehe 2 Julai 2010, lori la petroli lilipinduka katika Sange, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira. Petroli ikamwagika. Wengine wakaja na ndoo na mabidoni kuichota, wengine wakaja kutazama tu, na wengine walikuwa majumbani mwao, au wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia, kwani ndiyo siku Ghana ilipocheza na Uruguay. Moto ulipolipuka, waliokufa walizidi 200, na kati yao walikuwamo watoto wengi. Wakazikwa katika makaburi ya pamoja.

Jambo hili twalitaja kwa heshima ya marehemu. Tena yafaa tuseme kweli: kengele ya moshi isingewaokoa watu wa Sange. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji yatafutayo bonde, na ukifikia cheche huwaka mara moja. Hata hivyo Sange yatufundisha mambo mawili. La kwanza, bidoni ya petroli haina mahali chini ya kitanda wala nyuma ya mlango wa sebule, hata kama mwenye nyumba hupata riziki yake kwa kuiuza barabarani. La pili, moto ukishakua haushindwi na mikono ya watu. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, ng'ambo ya ziwa, soko kuu la Bujumbura liliteketea, na wafanyabiashara wakapoteza mali yao yote. Ikiwa soko la katikati ya mji mkubwa lilipotea hivyo, sisi wa vichochoro vya Mulongwe na Kasenga tusitegemee kwamba gari la zimamoto litatufikia kwa wakati. Wakati wa kuushinda moto, au wa kuukimbia, ni zile dakika chache za mwanzo.

Sasa dakika hizo, mchana, hatuzipotezi. Mama huona, mtoto hupiga kelele, jirani huja na ndoo. Usiku ni habari nyingine. Wengi hudhani kwamba harufu ya moshi itawaamsha. La, sivyo. Mtu alalapo, pua yake nayo hulala. Tena moshi una ndani yake hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humzidishia aliyelala usingizi wake badala ya kumwamsha. Ndiyo sababu wengi wanaokufa katika moto wa nyumba huuawa na moshi kabla miali haijawagusa. Lakini sikio la mtu aliyelala bado lina mlango wazi kidogo. Kwa hiyo yatupasa kumtafuta mwenye pua isiyolala, na kumpa sauti ya kufikia masikio yetu.

Chombo hiki kilianza kwa namna ya ajabu. Katika miaka ya 1930 mtaalamu mmoja wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa akijaribu kutengeneza kipimo cha gesi ya sumu. Kipimo chake hakikuitikia gesi. Kwa kukata tamaa akawasha sigara, na mara sindano ikacheza: kumbe kipimo kilichoshindwa kuijua gesi kiliujua moshi! Miaka mingi ikapita, wengine wakaiendeleza kazi hiyo, na mwaka 1965 Duane Pearsall wa Marekani akatengeneza kengele ya betri iliyofaa nyumba za watu wa kawaida. Wapimaji wa Marekani wameona kwamba, moto ukitokea katika nyumba yenye kengele iliyo nzima, hatari ya watu kufa hupungua kwa zaidi ya nusu.

Anayetaka kununua ajue kwamba kengele hizi si za namna moja. Namna ya kwanza hutumia mwanga. Ndani yake mna chumba kidogo cha giza chenye mwale wa taa. Moshi ukiingia huutawanya mwale ule, na jicho la chombo huuona. Namna ya pili hutumia chembe ndogo sana ya madini yenye mnururisho, inayopitisha umeme hafifu hewani. Moshi ukiingia huudhoofisha umeme huo, na kengele hulia. Ya pili huwahi moto wa miali, kama wa karatasi au wa petroli. Ya kwanza huwahi moto wa polepole: godoro la sifongo, pamba, nguo, waya unaoungua ndani ya ukuta. Moto wa polepole ndio wa usiku. Kwa hiyo mwenye fedha za kengele moja tu afadhali achague ile ya mwanga. Tena ile ya mwanga haisumbui sana kwa moshi mwepesi wa kukaanga. Iko na namna ya tatu, isiyojali moshi hata kidogo ila joto. Hiyo ndiyo ya jikoni.

Chombo hiki hakipatikani katika kila duka la kwetu. Lakini asafiriye kwenda Bujumbura, Dar es Salaam au Nairobi aweza kuagizwa. Akifika dukani atazame mgongoni mwa chombo: pawe na tarehe ya kutengenezwa, na alama ya upimaji, kama vile EN 14604 ya Ulaya au UL 217 ya Marekani. Kisicho na tarehe wala alama akiache, hata kama bei yake ni ya kuvutia. Mlinzi bubu ni mbaya kuliko kukosa mlinzi, kwa maana humlaza mwenye nyumba kwa imani ya bure.

Sisi tuandikao haya tunakaa Mulongwe, katika nyumba ya matofali iliyoezekwa mabati: vyumba viwili vya kulala, sebule, ujia mfupi kati yake, na jiko nje uani. Mshahara wa mwalimu wa Kongo msomaji anaujua. Kengele tulizoweza kununua zilikuwa mbili. Ushauri wa mafundi ni kuweka moja katika kila chumba cha kulala, moja nje ya vyumba hivyo, na moja katika kila orofa. Basi, kwa mbili zile, tuweke wapi?

Tulikaa na mama wa watoto baada ya chakula cha jioni tukalifikiri jambo hilo kama watu wanaogawana urithi. Mtu akiambiwa moto hufikiria jiko kwanza. Lakini jiko letu liko uani, na moto wake una watu wanaoutazama. Tukauliza: usiku, baada ya sala ya familia, ni wapi ndani ya nyumba hii moto waweza kuanza bila macho ya mtu? Jibu likaja lenyewe. Katika sebule, palipo nyaya na simu zinazochajiwa. Na katika chumba cha watoto, ambapo yule mkubwa husoma kwa mshumaa umeme wa Ruzizi ukikatika, na chandarua kinaning'inia kando yake.

"Ya kwanza iwe katika ujia," akasema mama. "Moshi wa sebule hauna njia nyingine ya kutufikia. Sisi mlangoni petu pana pazia tu, tutaisikia. Ya pili wapewe watoto. Wao ndio wanaolala kama magogo."

Ndivyo tulivyofanya. Jirani yetu, mzee wa heshima ambaye ni kiongozi wa shirika letu, alipotukuta juu ya ngazi na nyundo mkononi, akacheka.

"Mwalimu, sisi tumekulia ndani ya moshi. Mama zetu walikausha samaki juu ya vichwa vyetu. Hicho kidude kitalia tangu alfajiri mpaka Malaika wa Bwana ya jioni, na wewe mwenyewe utakitoa betri."

Neno la mzee tusilidharau, maana lina ukweli ndani yake. Kengele nyingi huuawa hivyo: hulia kwa ajili ya kitunguu kinachokaangwa, mwenye nyumba hukasirika, huiondoa betri, na usiku wa haja haipo. Dawa yake ni mahali pa kuiweka. Kwanza, iwe umbali wa meta 3 au zaidi kutoka mahali pa kupikia. Pili, isikae karibu na mlango wa bafu, kwa sababu mvuke wa maji ya moto huidanganya. Tatu, isikae kando ya dirisha, maana upepo wa ziwa utaufukuza moshi kabla haujaifikia.

Kwa kuwa moshi hupanda, mahali pake ni juu. Nyumba ikiwa na dari, kengele hufungwa katikati ya dari, au penginepo juu ya dari hiyo, lakini si ndani ya sentimeta 10 za pembe inapokutana na ukuta, kwa sababu hewa ya pembeni husimama. Ikifungwa ukutani, iwe kati ya sentimeta 10 na 30 chini ya dari. Nyumba zetu nyingi, hata hivyo, hazina dari. Mtu akiinua macho huona boriti na mabati. Hapo isifungwe juu ya bati lenyewe. Adhuhuri bati la Uvira huwaka kama kikaango, na vyombo hivi vingi vimetengenezwa kwa joto lisilozidi digrii 38. Alfajiri nalo hutoa jasho la umande. Tena hewa ya moto iliyojikusanya chini ya bati huuzuia moshi usifike juu kabisa. Yafaa ifungwe kwenye kipande cha ubao, ubao nao upigiliwe kwenye boriti, chini kidogo ya kilele cha paa. Na pale ambapo kuta za vyumba hazifiki kwenye paa, moshi hupita juu ya kuta kama mgeni asiyebisha hodi. Kengele moja ya katikati husaidia vyumba zaidi ya kimoja.

Sasa sharti tuseme neno juu ya adui ambaye kengele ya moshi haimjui. Ni hewa ya makaa. Huku chini ufukoni joto hutosha, lakini mvua ikinyesha mama huiingiza mbabula ndani. Na huko juu, katika milima ya Itombwe, baridi huwafanya watu walale nayo chumbani. Makaa mekundu hayatoi moshi, na kwa hiyo watu huyaona kuwa salama. Kumbe ndiyo yanayotoa kwa wingi ile hewa ya sumu isiyo na harufu tuliyoitaja. Familia nzima yaweza kulala na isiamke. Kuna chombo kingine, cha pekee, kinachoitambua hewa hiyo, nacho huwekwa katika chumba cha kulala. Lakini kabla ya kununua chochote kuna dawa isiyo na bei: mbabula ilale nje. Vivyo hivyo wanaotumia mitungi ya gesi wajue kwamba gesi hiyo ni nzito na hushuka sakafuni. Chombo cha kuitambua huwekwa chini, na mtungi wenyewe afadhali ukae mahali penye hewa nyingi.

Baada ya kufunga kengele zetu tulitaka kuona kama zitatuamsha kweli. Usiku mmoja, kama saa tano, tulibonyeza kitufe cha kujaribu kile cha chumba cha watoto. Sauti yake si mchezo; mbwa wa jirani walijibu mpaka bandarini Kalundu. Kati ya watoto wanne, mmoja ndiye aliyeamka. Yule mdogo aligeuka upande wa pili akaendelea kulala. Tulisimama mlangoni tukiwatazama kwa mwanga wa simu, na hatukuwa na neno la kusema. Wataalamu nao wanajua kwamba watoto wengi huendelea kulala kengele ikilia, na kwamba wazee wasiosikia vizuri huipata kwa shida sauti nyembamba. Kengele, basi, kazi yake ni kumwamsha mzazi; kazi ya kuwaamsha watoto yabaki kuwa ya mzazi.

Kwa hiyo tuligawana kazi. Baba aende kwa watoto, mama amshike mkono bibi. Mkubwa wa watoto ambebe yule wa mwisho. Wote wakutane chini ya mwembe, wahesabiwe, na asirudi mtu ndani, hata kwa ajili ya fedha, hata kwa ajili ya vyeti vya shule. Moshi ukiwa mwingi, watu watambae, kwa sababu hewa safi hubaki karibu na sakafu. Mara mbili tumelifanya zoezi hilo, na watoto huliona ni mchezo. Na waone hivyo. Mchezo hukumbukwa kuliko hotuba.

Hapo ndipo tulipogusa jambo lililo zito kuliko kengele yenyewe, nalo ni kufuli. Miaka mingi ya vita na ya hofu imetufundisha kujifungia. Madirisha yana vyuma, mlango una komeo na kufuli kubwa, na ufunguo mara nyingi baba huulalia chini ya mto, au hulala nao safarini! Twajua kwa nini watu hufanya hivyo, wala hatuwaambii waache milango wazi. Lakini nyumba iliyomzuia mwizi asiingie yaweza kumzuia mtoto asitoke. Mwezi Machi mwaka 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, huko Machakos nchini Kenya, bweni lilichomwa moto usiku. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Wanafunzi 67 walikufa. Wakuu wa shule zenye mabweni, na walinzi wa vijana wa seminari, na wasome habari hiyo kisha wakayatazame madirisha yao.

Katika nyumba, dawa yake ni hii. Ufunguo wa mlango wa nje uwe na mahali pamoja, ukutani, karibu na mlango lakini mbali na mkono unaoweza kupita dirishani, na kila mwenye akili ndani ya nyumba apajue, hata gizani. Dirisha moja la chumba cha kulala liwe na vyuma vya bawaba vinavyofunguka kwa ndani. Fundi wa kuchomelea aweza kuvigeuza kwa kazi isiyozidi siku moja.

Kulinda kengele nako ni kazi ndogo. Mara moja kwa mwezi ibonyezwe kitufe. Sisi tumechagua Jumapili ya kwanza, baada ya Misa. Betri ibadilishwe mara moja kwa mwaka, au mara chombo kianzapo kulia mlio mfupi mfupi, maana hivyo ndivyo kisemavyo kuwa kina njaa. Vumbi na vijidudu vifuatavyo taa vifutwe kwa kitambaa kikavu. Na miaka 10 ikitimia tangu tarehe iliyoandikwa mgongoni, chombo kiachwe, hata kama bado kinalia.

Tumewahi kumsikia Mkristu mmoja akisema kwamba siku ya kufa imeandikwa na Mungu, na kengele haiwezi kuifuta. Neno hilo lafanana na imani, lakini tukilitazama vizuri si imani. Amri ya Tano hutuagiza kuulinda uhai, wa kwetu na wa wenzetu, na Mungu aliyetukabidhi watoto ametukabidhi pia akili ya kuwalinda. Wale wanawali watano wa Injili waliochukua mafuta ya akiba hawakuitwa wenye shaka. Waliitwa wenye busara.

Twajua kwamba kwa familia nyingi kengele hii bado ni ghali. Mzee wetu wa shirika, baada ya kuisikia ile kelele ya saa tano, hakucheka tena. Alikuja asubuhi akauliza kama mashirika hayawezi kuchangishana, mwezi huu kwa nyumba ya mjane, mwezi ujao kwa nyumba ya mlemavu, kama tunavyochangishana kwa ajili ya misiba. Kuchanga kabla ya msiba ni bora kuliko kuchanga baada yake.

Na asiye na kitu leo asikate tamaa, kwa sababu sehemu kubwa ya ulinzi huu haina bei. Mshumaa usimame ndani ya sahani yenye mchanga, mbali na chandarua, uzimwe kabla ya mwanafunzi kujinyosha. Simu isichajiwe kitandani. Petroli ilale nje, mbabula ilale nje. Na jioni ya leo, mkiisha kusali, baba au mama awaulize watoto swali moja tu: ufunguo uko wapi? Wakijua wote kujibu, nyumba hiyo imekwisha kuanza kujilinda.